Shahada Inayotangulia Shahada

Lugha yetu ilipolipokea neno shahada kutoka katika Kiarabu, ililipokea pamoja na maana zake mbili: ushuhuda autoao mtu kwa ulimi wake juu ya jambo alijualo kwa yakini, na hati anayokabidhiwa mwanafunzi siku ya mahafali. Vyuoni mwetu maana ya pili imeimeza ya kwanza, hata imekuwa taabu kumkumbusha mtu kwamba hati ile nayo ni ushuhuda, yaani ni kundi la walimu wanaosimama mbele ya ulimwengu na kusema: huyu tumemfundisha, tumemjaribu, tumemwona. Mimi nimefundisha kemia katika chuo kimoja cha pwani ya Kenya kwa muda uzidio miaka ishirini, na katika muda huo nimeona vijana wengi wenye akili na ghera wakiomba nafasi za uzamifu Marekani na kurudishiwa majibu ya kukataliwa. Na kila nilipochunguza chanzo, aghalabu sikukikuta katika akili zao wala katika mifuko yao peke yake, bali katika shahada ile ya kwanza, ushuhuda wa mwalimu, ambayo sisi walimu tumeacha kuitoa.

Nieleze kwanza jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, kwa kuwa wazazi wengi huniuliza. Anayetaka kusoma uzamifu wa kemia Ujerumani hutakiwa kwa kawaida awe na shahada ya uzamili, kisha amwandikie profesa mmoja mmoja, na akikubaliwa huajiriwa kwa mkataba. Uingereza nako ufadhili wa UKRI, taasisi ya taifa ya kugharimia utafiti, ulifunguliwa kikamilifu kwa wageni mwaka 2021 tu, tena kwa fungu lisilozidi asilimia 30 ya nafasi. Marekani mambo ni mengine. Huko kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya miaka minne, kama wamalizavyo wetu, aweza kuingia moja kwa moja katika uzamifu bila ya kupita uzamili. Wala hasomi kwa karo ya baba yake, maana idara ya kemia humsamehe karo na kumlipa posho, ambayo katika vyuo vingi huzidi dola 30,000 kwa mwaka, naye huilipia kwa kuwafundisha maabarani wanafunzi wa miaka ya mwanzo, na baadaye kwa kazi ya utafiti wenyewe, kwa muda wa miaka mitano au sita. Anayemchagua si profesa mmoja ila kamati ya walimu, ambayo huketi baada ya kupita siku ya mwisho ya maombi, nayo katika vyuo vingi huwa kati ya tarehe 1 Desemba na mapema Januari, na aliyekubaliwa hupewa mpaka tarehe 15 Aprili kutoa jibu lake. Kwa mtoto wa mvuvi wa Lamu au wa mkulima wa Taita, siujui mlango mwingine wa sayansi ya juu ulio mpana kiasi hiki ambao bawabu wake hadai karo.

Walakini mlango mpana nao una kizingiti. Kila chuo hutoza ada ya ombi, aghalabu kati ya dola 75 na 125, na kijana aombaye vyuo kumi, kama ashauriwavyo, aweza kutumia zaidi ya shilingi laki moja za Kenya kabla hajajua kama yuko mtu aliyezisoma karatasi zake. Ziko idara zinazomsamehe ada aliyeandika mapema na kueleza hali yake kwa adabu, na ziko nyingine ambazo msamaha huo ni wa raia wao tu. Uko mtihani wa Kiingereza, ambao vyuo vingine humwondolea aliyesomeshwa kwa lugha hiyo, na vingine humlazimisha kuufanya hata kama tangu darasa la nne hajapata kuulizwa swali la sayansi kwa lugha nyingine yoyote.

Tena ziko alama, nazo ndizo balaa lisiloonekana. Katika vyuo vyetu A huanzia 70 kwa mia, na mwenye wastani wa 70 hutoka na daraja la kwanza, ambalo katika darasa zima la kemia huenda wakalipata watatu au wanne. Marekani, 72 kwa mia ni alama ya mwanafunzi aliyeponea chupuchupu. Msomaji wa kamati aliyechoka, mwenye mamia ya mafaili ya kusoma kabla ya sikukuu, akiiona 72 ile bila ya maelezo, na pengine hajawahi kusikia jina la chuo ilikotoka, amekwisha kumhukumu binti wa watu kwa kosa ambalo hakulitenda. Nani atakayemwambia kwamba 72 hiyo ilikuwa ya pili katika darasa la watu themanini? Mwombaji akilisema mwenyewe ataonekana anajitetea. Asemaye ni mwalimu, katika barua yake.

Zamani kulikuwa na kipimo kimoja ambacho, pamoja na ubaya wake wote, kilimweka kijana wa Mombasa katika mizani ileile aliyowekwa kijana wa Boston: mtihani wa GRE wa somo la kemia. Mtihani huo ulikomeshwa mwaka 2023. Na ule wa GRE wa jumla, ambao ada yake ni dola 220, idara nyingi za kemia zimeacha kuudai. Wengi tulifurahi, kwa kuwa gharama ilipungua na safari za kwenda Nairobi kufanya mtihani zilipungua. Lakini sikutambua upesi kwamba mizani ikiondolewa sokoni, linalobaki ni neno la shahidi. Leo kamati ina vitu vitatu vya kutazama: alama isizoweza kuzisoma, maelezo aliyojiandikia mwombaji, na barua tatu za walimu wake.

Nitamtaja binti mmoja, bila ya jina lake, kwa kuwa habari zake ndizo zilizonifumbua macho. Alikuwa mwaka wa nne, na mradi wake ulihusu mbegu za mwarobaini, mti ambao pwani yetu nzima yaujua kwa uchungu wake, na ambao wanakemia huuheshimu kwa sababu nyingine. Mwaka 1959, huko Sudan, nzige walishuka wakala majani ya kila mti wakauacha mwarobaini. Katika utafiti uliofuata baada ya hapo, mwaka 1968, ilitengwa azadiraktini, kitu chenye umbo la matata kiasi kwamba kundi la Steven Ley wa Cambridge lilishughulika nacho kwa miaka 22 kabla ya kuweza kukiunda maabarani mwaka 2007. Binti huyu hakuwa akitafuta makuu hayo. Alikuwa amesaga mbegu, amezitoa mafuta kwa heksani, amezirowesha katika methanoli, na kile kilichobaki, kitu kizito cha rangi ya kahawia kilichovutika kama asali, alikuwa amekitia juu ya safu ya silika ndani ya bomba la kioo lenye urefu wa mkono, ili kiyeyushi kikishuka polepole kiyatenganishe yaliyomo, tone baada ya tone, katika vijibomba alivyovipanga kwa nambari.

Umeme ukakatika saa moja ya usiku. Kila aliyepata kuisimamia kazi hii anajua kwamba safu ya silika ikikauka hupasuka, na ikipasuka kazi ya wiki tatu imekwenda na maji. Nilipopita kufunga ofisi nilimkuta amefungua madirisha yote, kwa kuwa feni ya kunyonya mvuke ilikuwa imezimika, amesimama juu ya kigoda, simu yake ameifunga kwa uzi kwenye chuma cha kushikia bomba ili immulikie, mkono mmoja unaongeza kiyeyushi na mwingine unabadilisha vijibomba. Nikamwambia, "Mwanangu, iache hiyo, nenda ukapumzike." Akanijibu bila ya kugeuka, "Mwalimu, niko kwenye thelathini na saba, na rangi imeanza kubadilika." Alikimaliza kijibomba cha hamsini na mbili saa nne kasorobo. Kesho yake, umeme uliporudi, alidondoa tone kutoka katika kila kijibomba juu ya kibati chembamba cha silika, akakitazama chini ya taa ya urujuanimno, akaona kwamba vya 37 mpaka 41 vilikuwa vimechanganyika. Akaliandika hilo katika ripoti yake bila ya kuficha, na sehemu hiyo akairudia tangu mwanzo.

Novemba ya mwaka uliofuata alinijia kuomba barua. Nami nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi katika ujana wangu, na kama wajibiwavyo vijana katika vyuo vingi vya nchi hizi: "Iandike mwenyewe, uniletee nitie sahihi."

Akaiandika. Niliisoma nikiwa wima, mlangoni pa darasa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakinisubiri ndani. Ilisema kwamba mchukuzi wa barua ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na tabia njema, afikaye kwa wakati, apatanaye na wenzake, na kwamba nampendekeza bila ya kusita. Mwarobaini haukuwamo, wala usiku ule, wala thelathini na saba. Angeyaandikaje? Binti aliyelelewa kwa adabu za pwani hawezi kuketi akajisifu kwa kalamu ya mwalimu wake. Ataandika yale tu yawezayo kusemwa juu ya mtu yeyote, kwa kuwa kupita hapo ni kukosa haya. Nikatia sahihi. Aliomba vyuo saba, na vyote saba vikamkataa.

Siwezi kuapa kwamba ni barua ile iliyomkosesha, kwa kuwa wanaoomba ni wengi na wanaochukuliwa ni wachache. Lakini baadaye nilionana na mwenzangu wa zamani, ambaye hufundisha Marekani na amepata kuketi katika kamati ya udahili, nikamsimulia habari ya usiku ule kwa fahari ya mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na haya uliyaandika?" Sikuwa na jibu la kumpa. Akanieleza, bila ya kunikaripia, kwamba barua nyingi zitokazo kwetu hufanana kama ndugu, wakati mwingine sentensi kwa sentensi, hata kamati imezoea kuzipitisha macho bila ya kuzisoma. Na kwamba barua moja inayosimulia jambo moja, lenye siku yake na mahali pake, humfanya msomaji aweke kikombe chini na kuanza tena juu.

Jambo hili lina upande wa amana, nao ndio uniumao moyoni kuliko ule wa faida. Fomu ya maombi humwuliza mwombaji kama anaiacha haki yake ya kuisoma barua ya mwalimu, haki ambayo sheria ya Marekani ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi. Na karibu kila mwombaji hushauriwa aiache, ili kamati iamini kwamba mwalimu amesema kwa uhuru. Basi binti yangu yule alitia alama ya kukubali kwamba hataiona barua ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga. Nani aliyemtia katika uongo huo? Mtu aliyekiri kwa hiari yake kwamba vijibomba vyake vitano vimechanganyika, wakati ambapo hakuna mtu angeligundua, mimi mwalimu wake nilimlazimisha aianze safari ya elimu kwa kusema lisilokuwa kweli, na jambo hilo nikaliita msaada. Insafu yangu haijanipa raha tangu hapo.

Najua watakavyonijibu walimu wenzangu, na majibu yao si ya kupuuzwa. Watasema mhadhiri mmoja ana wanafunzi mamia, ana mitihani ya kusahihisha isiyokwisha, ana mshahara ambao mwaka huu ulichelewa na mwaka jana ulidaiwa kwa mgomo; na kwamba kila mwombaji ana vyuo vyake kumi, na kila chuo kina ukurasa wake wa kupakia barua na maswali yake ya kujibu, hata mwalimu mwenye waombaji sita anajikuta na kazi sitini katika mwezi wa Novemba. Hayo yote ni kweli, na mengine nimeyapata mwilini mwangu. Lakini barua yenyewe ni moja, na ikiandikwa mara moja kwa ukamilifu hubadilishwa jina la chuo tu. Na wanaostahiki kuandikiwa na mimi si wale mamia walionisikiliza ukumbini, bali wale wanne au sita waliofanya mradi chini yangu, ambao nimewaona wakikosea na wakisahihisha. Kwa wengine wote, neno la haki ni moja: "Mwanangu, sikujui vya kutosha kukutolea ushahidi, nenda kwa aliyekuona kazini." Sisi huona kukataa namna hiyo ni utovu wa murua, ilhali kumpa mtu barua tupu kwa uso wa bashasha ni kumdhulumu zaidi, maana akikataliwa mapema atatafuta mwingine, na akipewa barua tupu atajua Aprili kwamba hakupewa kitu.

Wako pia wasemao kwamba mwenye kipaji hupenya hata bila ya mwalimu, na mfano wao huwa Ahmed Zewail. Zewail alizaliwa Damanhur, Misri, mwaka 1946, akasoma Alexandria mpaka uzamili, na mwaka 1969 akaenda kusoma uzamifu katika University of Pennsylvania, wakati ambapo nchi yake na Marekani zilikuwa zimekata uhusiano wa kibalozi tangu vita vya Juni 1967. Akauhitimu mwaka 1974, na mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha jinsi vifungo vya atomu vinavyokatika na kuungana katika kipimo cha femtosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mafungu milioni bilioni. Ni kweli kwamba kipaji chake kilikuwa adimu. Lakini wanaomsimulia kwa haraka huruka jambo moja, kwamba kule Alexandria alipata walimu ambao wao wenyewe walikuwa wamesoma Marekani, mmoja wao huko huko Pennsylvania, wakamwingiza katika utafiti wao na kumwonyesha kazi hiyo inavyofanywa. Mlango ulikuwa umefungwa na serikali mbili, na bado ulikuwako uzi mwembamba kutoka maabara moja mpaka nyingine, nao ulisokotwa na walimu. Na hapa kwetu, ndege ya kwanza ya mwanasiasa Tom Mboya ilipoondoka kwenda Marekani Septemba 1959 na wanafunzi 81, haikuwa imejaa kwa nasibu. Kabla ya ndege hiyo kulikuwa na barua nyingi mno, zilizoandikwa usiku na watu waliokuwa na kazi nyingine za mchana.

Vyuo vyetu navyo vina fungu lao la lawama, na dawa yake si ghali. Ukurasa wa kupakia barua aghalabu hutaka anwani ya barua pepe ya chuo, na barua inayotoka katika anwani ya binafsi hutiliwa shaka kwamba pengine mwombaji ameibuni. Lakini wahadhiri wengi hutumia anwani zao za binafsi kwa sababu ile ya chuo imejaa, au imekufa, au haikupata kufunguliwa. Hilo hurekebishwa kwa siku moja na mtu mmoja. Nyuma ya transkripti pangeandikwa mistari mitatu kueleza kwamba A yetu huanzia 70 na kwamba katika darasa hilo walioipata ni wangapi, na mistari hiyo ingewaokoa wengi kuliko semina zote nilizohudhuria. Na kamati za kupandisha vyeo, ambazo huhesabu makala na fedha za miradi kwa uangalifu mkubwa, zingemwuliza mhadhiri pia: umewatolea ushahidi wanafunzi wangapi, nao wako wapi? Maadamu jambo halihesabiwi, litafanywa na wenye huruma peke yao, na huruma ya mtu aliyechoka huisha mapema Novemba.

Kwa vijana nina machache. Mjieni mwalimu Septemba, si tarehe 28 Novemba. Mleteeni ripoti ya mradi na orodha ya vyuo, pamoja na sababu ya kukichagua kila chuo, na sababu hiyo iwe kazi ya walimu wa pale, si jina la chuo lililowahi kusikika redioni; someni makala mbili tatu za maprofesa ambao mngependa kufanya kazi nao, waandikieni kwa ufupi, na asiyejibu msimchukie. Na katika yale maelezo ya nia yenu, msianze na utoto na jinsi mlivyoipenda sayansi mkiwa wadogo. Anzeni maabarani.

Akisha kukubaliwa, kijana ana safari nyingine mbele yake, ambayo mwalimu hana sauti ndani yake. Hulipa dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wa kigeni na dola 185 za ombi la viza, kisha husimama mbele ya dirisha la ubalozi kwa dakika chache. Neno uzamifu limetokana na kuzama, kushuka chini ya elimu kama apigaye mbizi kutafuta lulu; walakini katika bandari zetu kuzamia lina maana nyingine inayojulikana na kila mtu, kujificha melini na kwenda ng'ambo bila ya ruhusa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, tangu mwaka 1952, humkadiria mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mtu aliyekusudia kuhamia huko moja kwa moja, mpaka atakapomridhisha ofisa kwamba sivyo. Yaani mzamifu husimama pale akidhaniwa mzamiaji. Tena wakati huu milango inabanwa zaidi: Warundi, jirani zetu, walizuiliwa viza za masomo tangu Juni 2025, na orodha ya nchi imezidi kurefuka. Sina la kumsaidia kijana dirishani pale. Kwa hiyo ni aula niseme yote niyajuayo pale ambapo sauti yangu yasikika, katika barua.

Tangu mwenzangu yule aliponiuliza kama niliyaandika, nina daftari, la kawaida, lenye jalada la buluu, nami huenda nalo maabarani. Kila mwanafunzi wa mradi ana kurasa zake, na Ijumaa naandika mistari miwili mitatu: aliyerudia jaribio bila ya kuambiwa, aliyeuliza swali ambalo sikulijua jibu lake, aliyevunja kipimajoto akaja kuniambia kabla sijakiona. Kazi hiyo hunichukua robo saa. Mwaka huu nina barua nne za kupeleka, na tatu zimekwisha kupelekwa.

Ya nne ni ya binti yule. Sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari, na wiki mbili zilizopita nilimpigia simu, nikamwomba radhi kwa barua ile ya kwanza, nikamwambia kwamba nimemwandikia nyingine kwa mkono wangu, ina kurasa mbili, nayo inaanza na kijibomba cha thelathini na saba, kama angependa kuomba tena. Alinyamaza muda, nikazisikia sauti za wanafunzi wake uwanjani. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wanamchukua mtu aliyekaa nje ya maabara miaka minne?" Nikamwambia wanamchukua, na kwamba siku ya mwisho ni tarehe 1 Desemba.